Shajara ya mradi: kuomba shahada ya uzamili ya tiba kwa vitendo nchini Marekani

Naandika hatua inapokwisha, si kila siku. Yaliyokwenda vizuri nayapitia mbio. Yaliyoniumiza ndiyo nayaeleza, pamoja na gharama zake. Fedha ni dola, isipokuwa nikitaja shilingi.

9 Septemba 2023: Nimeamua

Niko Minnesota tangu 2018, nilikuja kwa bahati nasibu ya viza. Nabeba boksi kama CNA, yaani msaidizi wa wauguzi, kwenye nyumba ya wazee: kuosha, kuvalisha, kulisha, kugeuza. Nyumbani nilimaliza shahada ya sosholojia mwaka 2014. Kwa miaka minne nimekuwa nikimwona mtu mmoja anaingia vyumbani nyuma yetu na kufanya kinyume cha kazi yangu. Mimi namvalisha mgonjwa shati, yeye anamvua na kumwambia alivae mwenyewe. Mwanzoni nilidhani ana roho mbaya.

Huyo ndiye mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Hapa kila mtu anamwita OT, nami nitamwita hivyo. Mama alipouliza kwenye simu huo ni udaktari wa namna gani, nikamwambia: "Unamkumbuka mjomba alivyopata kiharusi, akawa anavalishwa shati na wajukuu mpaka anaingia kaburini? Kuna watu kazi yao ni kumfundisha alivae kwa mkono mmoja." Akanyamaza kidogo. "Na walikuwepo siku zote hizo?" Walikuwepo. KCMC pale Moshi wanafundisha fani hii miaka na miaka. Sisi Tanga hatukujua hata jina lake.

Kwa ufupi, kwa anayeanzia sifuri kama mimi: tangu 2007, hapa Marekani OT mpya hana budi kupitia shahada ya uzamili au zaidi, katika programu iliyoidhinishwa na ACOTE, chombo kinachokagua mafunzo ya OT. Ndani yake kuna angalau wiki 24 za mafunzo ya vitendo ya muda wote, kisha mtihani wa taifa wa NBCOT, kisha leseni ya jimbo. Shahada ya kwanza si lazima iwe ya afya, kwa hiyo sosholojia yangu inapita. Kinachotakiwa ni masomo ya awali, saa za kumfuata OT kazini, wadhamini wa kukuandikia barua, na insha. Kuna uzamili na kuna udaktari, na leseni ni ile ile. Nimechagua uzamili kwa sababu ni mfupi na mimi ndiye ninayelipa.

14 Januari 2024: Orodha ya vyuo, na kosa la 3.8

Nilitengeneza jedwali la programu 14. Nyingi zinataka GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0. Yangu ni 3.8. Nikavimba kichwa wiki mbili, nikafuta vyuo "vidogo" vyote, nikabaki na vile vya majina.

Halafu usiku mmoja niko mapumziko ya shifti, ikanijia: 3.8 yangu ni kati ya 5. Wao wanahesabu kati ya 4. Sikuwa nyota, nilikuwa na daraja la pili la juu kama watu wengi.

Usigawanye na kuzidisha mwenyewe ukadhani umepata jibu. Vyeti vya nje vinapelekwa kwa shirika la tathmini, linabadilisha kila somo peke yake, ndipo GPA ya Kimarekani inapatikana. Rudisha vyuo "vidogo" kwenye orodha kwanza. Mimi nimerudisha.

30 Aprili 2024: Tathmini ya vyeti (mara mbili)

Kuna tathmini za aina mbili. Ya bei nafuu inasema tu kwamba shahada yako ni sawa na shahada ya hapa. Ya ghali inachambua somo kwa somo. Nilichukua ya nafuu, dola 128. Vyuo vyote kwenye orodha yangu vinataka ya somo kwa somo, na ilikuwa imeandikwa wazi, nami sikusoma mpaka chini. Dola 236 nyingine.

La pili ni majina. Vyeti vyangu vina majina matatu, pasi ina mawili, na kadi yangu ya makazi ina jina la mume. Faili likasimama wiki tano. Kilicholifungua ni cheti cha ndoa na kiapo cha majina alichoniandalia wakili kule Tanga, vyote vikiwa na tafsiri. Kama una majina ya namna hii, tengeneza kiapo kabla hujaagiza chochote.

La tatu, transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama, lazima itoke chuoni moja kwa moja, bahasha imefungwa na kupigwa muhuri. Ile niliyokuja nayo kwenye begi haina kazi. Chuo changu cha nyumbani kilichukua miezi miwili na nusu, na haikutoka mpaka binamu yangu alipokwenda kukaa pale dirishani siku mbili mfululizo. Kuituma kwa kurea: shilingi 230,000. Binamu: nauli na chakula, na bado ananidai shukrani kila akinipigia.

Matokeo: 3.31. Nilipumua.

25 Mei 2024: Anatomia imenipiga

Masomo ya awali nachukua chuo cha jamii karibu na nyumbani, yapata dola 210 kwa krediti pamoja na michango yao. Saikolojia ya ukuaji wa binadamu: A-. Anatomia na fiziolojia sehemu ya kwanza, krediti 4 pamoja na maabara: C+. Programu nyingi kwenye orodha yangu zinataka angalau B au B- kwenye somo hilo. Dola 850 zimekwenda na maji.

Sababu si ugumu wa somo peke yake. Nilikuwa napiga shifti ya usiku, natoka saa moja asubuhi, maabara saa mbili. Nilikuwa nasimama mbele ya mifupa ya plastiki macho yamefunguka na mtu mwenyewe hayupo. Halafu nilikuwa nakariri majina ya Kilatini kama mtoto wa darasa la tatu anavyokariri jedwali la saba.

Nimejiandikisha tena kiangazi, nimehamia shifti ya mchana wikendi tu (kipato kimepungua, hilo nalo ni gharama), na nimeacha kukariri kwa lugha ya watu. Mifupa minane ya kiganja pale kwenye kifundo, scaphoid, lunate, triquetrum, pisiform, trapezium, trapezoid, capitate, hamate, nimeitungia hii: *Saumu, Leo Tupikie Pilau, Tena Tule Chapati Hapa.* Maneno manne ya kwanza ni safu ya upande wa kiwiko, manne ya mwisho ni safu ya upande wa vidole, zote kuanzia upande wa kidole gumba. Chukua, ni bure.

Nyongeza, 10 Agosti: B+.

20 Oktoba 2024: Saa za uangalizi, na mzee mmoja

Nilidhani miaka yangu mitano ya CNA itahesabiwa. Haihesabiwi. Wanataka saa ulizomfuata OT, kwa sahihi yake na namba yake ya leseni. Programu zangu zinataka kati ya saa 20 na 60, ikiwezekana sehemu mbili tofauti.

Nikaomba hapo hapo kazini, nje ya saa zangu za kazi na upande wa jengo tofauti na ninaouhudumia. Nikamfuata mama mmoja mwenye ujuzi wa ajabu kwa saa 24. Siku ya kusaini ndipo nikajua yeye ni msaidizi wa OT, ana leseni ya msaidizi. Programu mbili zinamkubali, nne hazimkubali. Saa 24 zikawa 0 kwa hizo nne. Kosa langu tupu: sikuuliza, niliona tu wote wanavaa rangi moja. Nikaanza upya na OT wa jengo lile, saa 30, kisha saa 20 kwenye kliniki ya watoto.

Kwenye zile 30 nilimkuta mzee mmoja. Nimebadilisha mambo yake machache asitambulike. Mtu wa Barawa, kule Somalia, aliyepitia kambi za wakimbizi za Mombasa kabla ya kufika huku, kiharusi kimechukua upande wa kulia. Faili lake lilisema "anakataa chakula". Nilipoingia nikamwona anatazama sinia, kijiko kimewekwa upande wa kushoto, pale mkono mzima unapofika. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." Akageuza uso kama mtu aliyeitwa kutoka mtaa mwingine. "Marahaba, mwanangu. Hawa wanataka nile kwa mkono wa chooni."

Hapo nikafanya kosa: nikaanza kutafsiri. OT akaninyamazisha kwa adabu. Mwangalizi hatafsiri, kituo kina wakalimani wake waliothibitishwa, na neno nililokosea lingekuwa kosa la tiba. Tukasubiri mkalimani wa simu dakika kumi na moja, mzee na mimi tunatazamana. Mkalimani akayasema yale yale. OT akaenda kwenye kabati, akarudi na mkanda wa kiganja wenye mfuko mdogo wa kushika kijiko. Akaufunga mkono ule ule wa kulia uliolegea, akamwonyesha mzee aushike kwa chini kwa mkono wa kushoto, auinue kama anayembeba mtoto. Wali wa kwanza ulimwagika kifuani. Wa tatu ulifika.

Wiki iliyofuata alikuwa anavaa kanzu: mkono uliolegea kwanza. Kuvua, mkono mzima kwanza. Nimevalisha watu miaka mitano na nilikuwa naifanya kwa mazoea, hakuna aliyewahi kuniambia kwa nini.

16 Desemba 2024: Nimetuma

Maombi yanapitia OTCAS, mfumo mmoja kwa vyuo vingi. Chuo cha kwanza ndicho ghali, kila kinachoongezwa bei inashuka chini ya nusu. Vyuo 6: dola 500 na ushei, pamoja na 150 za ada za ziada ambazo vyuo vitatu vinatoza pembeni.

Unaingiza kila somo kwa mkono: jina, namba, krediti, alama, sawasawa na transkripti. Niliandika masomo mawili yanayoendelea kama yamekwisha. Faili likarudishwa. Siku nane.

28 Machi 2025: Sifuri kwa sita

Vinne vimekataa, kimoja kimesema nafasi zimejaa, kimoja kimesema faili langu halikukamilika.

Nimelala siku mbili. Baada ya hapo niliandikia vyote sita barua pepe fupi nikiuliza kilichopungua. Vitatu vilijibu, na majibu yao yana thamani kuliko kozi yoyote niliyolipia:

Kimoja kinachagua watu kadiri maombi yanavyoingia. Tarehe ya mwisho ilikuwa Januari, lakini kufikia Desemba viti vilikuwa vimekaliwa. Mimi nilikuwa natuma kwa tarehe ya mwisho kama ninavyolipa umeme.

Kingine hakipokei masomo ya awali yaliyopita miaka 10. Utangulizi wa sosholojia nilisoma 2011. Yaani mimi, mwenye shahada ya sosholojia, napaswa kukaa darasani na watoto wa miaka 18 nifundishwe jamii ni nini. Nimekifuta chuo hicho. Dola 640 kwa ajili ya heshima yangu, hapana.

Cha tatu kilisema insha yangu "ingeweza kuwa ya mwombaji wa uuguzi". Hilo liliuma kwa sababu ni kweli.

29 Juni 2025: Insha

Nafasi ni herufi 7,500 pamoja na nafasi za katikati. Insha ya kwanza ilianza, "Tangu utotoni nimekuwa na moyo wa kusaidia watu." Nilimpelekea OT niliyemfuata. Akaandika pembeni kwa kalamu: *Hata zimamoto angeandika hivi.*

Rasimu ya pili nikaijaza maneno makubwa ya vitabuni. Akairudisha bila alama hata moja, ambayo ilikuwa mbaya zaidi.

Kilichokuwa kinanizuia ni aibu. Nilikuwa naficha u-CNA wangu chini kabisa kama kazi ya kutafutia riziki tu, na naficha Tanga kabisa. Nikidhani wanataka mtu aliyetakata. Rasimu ya tatu nimeanza na sinia la chakula na neno "anakataa", kisha nikaeleza kwamba nimewalisha watu maelfu ya milo na sikuwahi kuuliza mkono upi. Nikamweka mjomba na shati lake. Nikaeleza kwa nini si uuguzi na si fiziotherapia: fizio angeuimarisha ule mkono, muuguzi angepima uzito uliopungua, na wote wawili wangekuwa sahihi, lakini mzee alikuwa anataka kula wali bila kujivunjia heshima. Rasimu ya nne, ya tano, ya sita ni kukata tu.

Onyo moja: rasimu ya tatu ilikuwa na umri wa mzee, mji, na mwezi. OT alinifuta vyote. Habari za mgonjwa zinalindwa kisheria, na insha yenye siri za mgonjwa inakutoa nje kabla hujaingia.

22 Agosti 2025: Duru ya pili imetumwa

Mfumo hufunguliwa Julai. Safari hii vyuo 4 tu, vyote nimepiga simu kwanza na kuuliza mambo manne: masomo ya awali yanaisha muda lini, msaidizi wa OT anaweza kusaini, mnachagua kadiri yanavyoingia au baada ya tarehe, na mwenye shahada ya nje anahitaji mtihani wa Kiingereza? Kimoja kilitaka TOEFL. Nikawaandikia kwamba nina krediti za chuo cha hapa, wakaniondolea. Kuuliza kumeniokolea dola zaidi ya mia mbili. Gharama ya maombi: yapata 370, na 100 za ada za ziada.

Wadhamini watatu: OT, mwalimu wa anatomia (yule yule aliyenipa C+ na baadaye B+, akaandika juu ya tofauti hiyo), na mwalimu wangu wa chuo nyumbani. Huyo wa mwisho kiungo cha fomu kilimpotelea kwenye barua taka mara tatu. Mwishowe nikampigia saa nne usiku kwa saa zake.

"Shikamoo Mwalimu, samahani kwa usiku huu."

"Marahaba binti yangu. Umeme ulikuwa umekatika. Sasa nimefungua, wanauliza uwezo wako wa kustahimili, nikuweke tano kati ya tano?"

Nikamwambia aandike anachokijua. Akacheka, akasema basi tano.

15 Novemba 2025: Usaili

Kimoja kimekataa, kimoja kimenyamaza, viwili vimeniita, vyote kwa video.

Usaili wa kwanza walisema: chagua shughuli yoyote ya nyumbani, ivunje hatua kwa hatua, useme mtu aliyepooza upande mmoja angekwama wapi. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya kutengeneza kahawa. Mdomo ukasema kukuna nazi.

Nikawaeleza mbuzi: kibao cha kukunja, ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia karibu na ardhi. Kuvunja nazi ni mikono miwili. Kukaa chini ni magoti na mizani ya kiwiliwili. Kisha mapaja yakibane kibao kisiteleze, kiwiliwili kiiname mbele, mikono yote miwili ishike kifuu, mmoja ukandamize na mwingine uzungushe, na usimame kabla ya kufika kwenye weusi wa kifuu ili tui lisiharibike rangi, ambalo ni jambo la macho na la mkono kuhisi. Nikawapa marekebisho: mbuzi ifungwe juu ya benchi, kifuu kikae kwenye kishikio. Nilikuwa naona wanaandika.

Mmoja akauliza, "Na yeye mwenyewe anataka kukuna, au anataka wali wa nazi?"

Sikuwa nimemuuliza. Mgonjwa wangu wa kubuni nilimrekebishia nyumba nzima bila kumuuliza kitu. Huko nimewekwa orodha ya kusubiri.

Usaili wa pili, wiki mbili baadaye, swali lilikuwa tofauti, lakini nilianza kwa kuuliza mgonjwa anataka nini. Nimepata nafasi tarehe 12.

25 Januari 2026: Nafasi mbili, na hesabu ya mkopo

Kile cha orodha ya kusubiri nacho kimeniita. Ndicho nilichokipenda: dakika 20 kutoka nyumbani, ada ndogo, kinaanza mwisho wa Agosti. Kingine ni dakika 55 kwa gari na kinaanza 1 Juni.

Nimechagua cha mbali. Sababu ni tarehe. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inafunga mkopo wa serikali uitwao Grad PLUS kwa wakopaji wapya kuanzia 1 Julai 2026. Kinachobaki kwa uzamili wa kawaida ni 20,500 kwa mwaka, kikomo 100,000. Aliyekwisha kuandikishwa na kupokea mkopo wa programu hiyo kabla ya tarehe hiyo anaruhusiwa kuendelea na utaratibu wa zamani kwa muda. Niliuliza ofisi za mikopo za vyuo vyote viwili na nikaomba wajibu kwa maandishi. Cha Agosti, baada ya 20,500, pengo la mwaka wa kwanza lingekuwa 17,000 hivi, la kuzibwa kwa mkopo wa benki wenye mdhamini. Sina mjomba wa kunidhamini huku. Nina makaratasi ya ukaazi, ndiyo maana mikopo ya serikali naipata. Kwa aliyeko kwa viza ya mwanafunzi hesabu hii haimhusu, atafute ufadhili wa chuo kwanza.

Pesa ya kushikia nafasi: 500, hairudi.

Jumla mpaka leo: masomo ya awali 4,470, tathmini 364, maombi duru mbili, ada zote, karibu 1,120, kurea na kiapo kama 130, amana 500. Shifti nilizoacha sijazihesabu, na sitaki.

8 Machi 2026: Chanjo

Fomu ya afya ni kurasa sita. Surua, homa ya ini B, tetekuwanga, yote ni kutolewa damu kupima kinga na kusubiri. Kadi yangu ya kliniki ya utotoni ilibaki Tanga na mchwa.

Kifua kikuu: sisi tuliochanjwa BCG, kile kipimo cha ngozi kinaweza kuvimba bila ugonjwa wowote. Kilinitokea 2019 nilipoanza u-CNA, nikapigwa picha ya kifua na kukaa bila kazi wiki mbili. Safari hii nilipofika niliomba kipimo cha damu moja kwa moja. Muuguzi akauliza kwa nini. Nikapandisha mkono wa gauni nikamwonyesha kovu begani. "Ah," akasema, "mimi pia," akapandisha lake. Mliberia.

Dola 85. Majibu yamerudi Ijumaa: hasi. Nimeyapakia.